Kujadili si Kuthibitisha: Maneno ya Maswali ya Fasihi na Insha Shuleni

Tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, juhudi kubwa ya wakuza istilahi wa nchi hii imeelekezwa kwenye majina ya vitu. Tumeyatafutia majina vyombo vya maabara, sehemu za mashine, vyeo vya ofisini na maradhi ya mimea. Vitenzi havikupata bahati hiyo. Aghalabu imedhaniwa kwamba kitenzi hujitafutia njia chenyewe, na kwamba mwenye kujua Kiswahili hana haja ya kuambiwa maana ya "eleza", "jadili" au "thibitisha". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba hasara yake inawapata wanafunzi ambao hawana kosa lolote katika jambo hili.

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kusoma madaftari ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika shule moja ya kata mkoani Geita, na baadaye katika shule nyingine upande wa Kahama, mkoani Shinyanga. Shule zenyewe hatuzitaji, kwa kuwa tuliyoyaona huko hayazihusu hizo peke yake. Mwalimu yeyote wa fasihi atakayesoma kurasa hizi atayatambua. Somo lilikuwa Kiingereza, na kitabu kilikuwa riwaya ya marehemu Ngugi wa Thiong'o, Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964 na ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika shule zetu za sekondari. Swali la insha lilikuwa la Kiingereza. Kwa Kiswahili lingeandikwa hivi: "Elimu ndiyo mkombozi pekee wa mnyonge. Jadili kauli hii ukirejelea kitabu ulichosoma."

Msomaji anayekikumbuka kitabu hicho ataona mara moja kwamba swali ni zuri, kwani riwaya yenyewe hailikubali wala hailikatai upesi. Kijana Njoroge anaanza shule akiwa na matumaini makubwa. Jamaa zake wote wanamtazama yeye, na baba yake Ngotho, anayefanya kazi ya kibarua juu ya ardhi iliyokuwa ya wazee wake, anaamini kwamba kisomo cha mtoto huenda kikarudisha kilichopotea. Hali ya Hatari inaingia. Njoroge anatolewa shuleni Siriana, anahojiwa kwa mateso, baba yake anafariki dunia, naye anaishia kuuza duka la Mhindi na kufukuzwa huko pia. Mwishoni anakwenda na kamba kujinyonga, na ni sauti ya mama yake, Nyokabi, inayomrudisha. Mtu aliyeulizwa ajadili kama elimu ni mkombozi pekee, akiwa na kitabu hiki mkononi, ana mengi ya kusema.

Sasa tuangalie yaliyoandikwa. Karibu kila daftari tulilolifungua lilikuwa na utangulizi unaoeleza maana ya elimu, kisha hoja nne au sita zilizopangwa kwa tarakimu, kila moja ikionyesha jinsi elimu inavyomkomboa mnyonge, na hitimisho linalosema kwamba, kama ilivyoonyeshwa hapo juu, elimu ndiyo mkombozi pekee wa mnyonge. Njoroge alitajwa kuwa mfano wa kijana aliyekombolewa. Kamba haikutajwa. Duka halikutajwa. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Njoroge "aliifikia ndoto yake kwa sababu ya bidii", jambo ambalo halimo katika kitabu hata kidogo.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba wanafunzi hawa hawakusoma kitabu, ama kwamba Kiingereza kimewashinda. Sisi tulifikiri hivyo pia kwa muda wa nusu saa. Lakini mwalimu wao alipotupa ruhusa tukazungumza nao kwa Kiswahili, walitusimulia mwisho wa kitabu barabara. Kijana mmoja alisema kwamba heri Kamau, ndugu yake Njoroge, ambaye alijifunza useremala, kwa maana randa haifungiwi na serikali. Mwingine alimkatiza: mtu asiyejua kusoma huwekwa dole gumba kwenye mkataba asioujua, na hapo ndipo mnyonge anapokwisha. Wa tatu alisema kwamba kaka yake aliacha shule akaingia kwenye duara, akapata fedha kwa msimu mmoja kuliko mshahara wa mwalimu, na msimu uliofuata akarudi nyumbani hana kitu. Walibishana kwa adabu na kwa mifano, mara wakimtaja Njoroge, mara wakitaja watu wa mtaani kwao. Huko ndiko kujadili. Walijua kulifanya, ila hawakujua kwamba ndilo waliloombwa.

Kwa nini hawakujua? Jibu tulilipata ubaoni. Chini ya neno "discuss" mwalimu alikuwa ameandika tafsiri yake: "eleza kwa hoja". Chini ya "explain" aliandika "eleza". Chini ya "describe" aliandika "eleza", na chini ya "comment" aliandika "eleza, toa maoni". Hatumlaumu. Tulikwenda maktabani kutafuta mahali ambapo angeweza kupata mwongozo ulio bora zaidi, tukaona kwamba kamusi za kawaida zinampa visawe vingi kwa kila neno la Kiingereza, na kwamba katika visawe hivyo "eleza" anajitokeza tena na tena kama mgeni asiyekosa karamu. Kuna orodha za istilahi za isimu na za fasihi zinazotufundisha kuita kila tamathali ya usemi kwa jina lake. Lakini amri inayomtaka mwanafunzi afanye kazi fulani akilini mwake imeachwa ijitegemee.

Hapo ndipo mazoea ya somo la Kiswahili yanapoingia na kuziba pengo. Mwanafunzi huyohuyo anasoma fasihi ya Kiswahili, ambako amekwisha kukutana mara nyingi na swali la sura hii: kauli inatolewa kuhusu washairi au waandishi, kisha anaambiwa "thibitisha kauli hii" kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Kuthibitisha, kama neno lenyewe linavyosema, ni kukifanya kitu kiwe thabiti. Aliyeambiwa athibitishe amekwisha kuambiwa kwamba kauli ni ya kweli. Lililobaki ni kuipigilia misumari. Akili yake inaelekezwa kutafuta kitabuni yale tu yanayoiunga mkono, na kuyapita mengine kama kwamba hayakuandikwa. Baada ya miaka minne ya zoezi hilo, anapokutana na swali la Kiingereza lenye kauli juu na amri chini yake, haisomi tena ile amri. Anathibitisha. Ndiyo maana Njoroge wa Geita hakuwa na kamba.

Tusieleweke vibaya. Kuthibitisha ni ujuzi wa haki, na mtu asiyeweza kutoa ushahidi wa maneno yake hafai kuandika insha wala barua ya ofisi. Kadhalika hatusahau mazingira ya kazi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule katika kata nyingi, na kuondolewa kwa ada kuanzia Januari 2016 kulileta watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Hayo ni mema makubwa. Lakini mwalimu mwenye madaftari yaliyojaa meza mbili husahihisha haraka zaidi pale ambapo hoja sita zinatazamiwa na hoja sita zimekuja. Insha inayojadili husomwa polepole, kwa sababu haijulikani itaishia wapi. Hii ni sababu ya kweli. Hata hivyo si sababu ya lugha, na haifai iamue maana ya neno.

Tukumbuke "jadili" limetoka wapi. Asili yake ya Kiarabu ni kushindana kwa maneno, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: mjadala wa mtu mmoja aliyekubaliana na nafsi yake si mjadala. Neno la Kiingereza nalo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kutikisa kitu hata sehemu zake ziachane. Watu wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Wao huita kazi ya namna hiyo kuchenjua: jiwe linasagwa kwenye karasha, linapitishwa majini, lililo zito linabaki na lililo jepesi linakwenda. Na hata kinachokwenda hakitupwi, kinaitwa marudio, kwa kuwa hurudiwa tena kutafutwa dhahabu iliyosalia. Hatupendekezi kwamba maswali ya fasihi yaandikwe "chenjua kauli hii", ingawa tunakiri kwamba wazo hilo lilituchekesha njiani kutoka Geita. Tunachosema ni kwamba watoto hawa wamekulia mahali ambapo kutenganisha ni kazi ya kila siku, na kwamba Wasukuma, waliojigawa katika vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu ili washindane mbele ya umma, hawajapata kuwa na upungufu wa desturi ya kupambanisha pande mbili.

Neno "hoja" nalo limepatwa na ajali. Hoja ni ushahidi unaobeba madai. Ina uzito, na anayeitoa hupaswa kuitetea. Lakini darasani neno linalotawala sasa ni "pointi". "Toa pointi sita." Pointi ni nukta, na nukta haibebi kitu. Tuliona madaftari ambamo pointi ya pili na ya tano zilikuwa jambo lilelile lililovaa nguo nyingine, na mwandishi wake hakuona tatizo, kwa sababu aliombwa idadi akaileta. Tungependa walimu wairudishe hoja mahali pake. Hilo halihitaji kikao cha kamati.

Gumu zaidi ni "dhamira". Katika uhakiki wetu neno hili limekabidhiwa kazi ya kutaja jambo kuu linalozungumzwa katika kitabu, yaani lile ambalo Waingereza huliita "theme". Lakini katika Kiswahili cha kila siku dhamira ni nia, ni lile lililomo moyoni mwa mtu kabla hajatenda. Tunasema mtu alitenda kwa dhamira safi. Mwanafunzi anayo maana hii kabla hajaingia sekondari, nayo haimtoki. Kwa hiyo anapoulizwa kwa Kiingereza kuhusu "theme" ya Weep Not, Child, anatafsiri kimyakimya kuwa dhamira, kisha kuwa nia, na anaandika kwamba mwandishi alikusudia kutufundisha tuwe na bidii shuleni. Amehama kitabuni, ameingia moyoni mwa mwandishi, ambako hakuna awezaye kumfuata. Ukiongeza ujumbe, falsafa, msimamo na mtazamo, ambavyo vyote hufundishwa kama vijisehemu vya maudhui na ambavyo mipaka yake hata wahakiki wenyewe hawakubaliani nayo, utaona kwamba mwanafunzi ana vyombo vitano vya kuchotea maji ya kisima kimoja. Hatusemi kwamba dhamira liondolewe. Limekwisha kuzoeleka mno. Tunasema kwamba katika kila orodha lifasiliwe waziwazi kuwa ni jambo linaloonekana katika matini, wala si nia ya mtunzi, na kwamba mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja walitumie kwa maana hiyo moja.

Wafasiri nao hawamo nje ya lawama, wala sisi tulio miongoni mwao. Tafsiri inaweza kulijibu swali kabla msomaji hajalisikia. Mwaka 1973 riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilitolewa kwa Kiswahili na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo. Ni jina tamu, linalovuta msomaji. Lakini kama Okonkwo ni shujaa au la ni mojawapo ya maswali makubwa ya kitabu hicho, na jalada limekwisha kulikata shauri. Mwanafunzi anayekuja na jalada hilo kichwani atathibitisha ushujaa hata pale ambapo mtu huyo anamuua kijana aliyemwita baba. Mfano mwingine ni wa mwalimu wetu sote. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare akauita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza akawa mabepari wengi. Wapo wanaosema kwamba bepari ni neno lililowahi kuwa na maana ya mchuuzi tu, na wanasema kweli. Lakini mwaka 1969 hakuna aliyelisikia hivyo, na Mwalimu alijua. Tofauti iliyopo ni kwamba yeye aliifanya hukumu ile kwa makusudi na kwa macho wazi, na msomaji mwenye nia anaweza kubishana naye. Anayeandika "eleza" mahali pa "jadili" anafanya hukumu pia, ila hajui kwamba ameifanya.

Pengine ataulizwa mtu: je, istilahi inaweza kweli kubadili mazoea ya watu wengi kiasi hicho? Ushahidi upo papo hapo Kahama. Mwezi Machi 2017 serikali ilipozuia kusafirisha nje mchanga wenye madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam, neno "makinikia" lilitoka katika karatasi za wataalamu likaingia vijiweni katika muda wa majuma machache. Mama anayeuza vitumbua alilitumia bila kukosea. Neno lilikuwa geni, tena si rahisi kutamka, lakini lilikuwa na kitu kimoja cha kutaja, na kila mtu aliona kwamba mali yake imo ndani yake. "Mrabaha" likafuatana nalo. Hapana hata mmoja aliyesema kwamba Kiswahili hakitoshi. Basi mtihani wa kidato cha nne, ambao kwa familia nyingi za Nyang'hwale, Msalala na Mbogwe ndio mlango pekee unaoonekana, si jambo dogo kuliko makontena.

Mapendekezo yetu ni machache. Amri za maswali zikusanywe, za Kiingereza na za Kiswahili, zifasiliwe pamoja na walimu wa masomo yote mawili, na kila moja ipewe kazi isiyofanywa na jirani yake. Kwa maoni yetu "eleza" libaki na kazi ya kutoa habari za jambo ili lieleweke, basi. "Fafanua" liwe kulifungua lililofumbwa. "Bainisha" liwe kutenga na kutaja. "Thibitisha" litumike pale tu ambapo mtunga swali yu tayari kusema kwamba kauli yake haina ubishi ndani ya kitabu. Na tunashuku kwamba akijiuliza hivyo kwa dhati atalitumia kwa nadra. "Jadili" limtake mwanafunzi apime zaidi ya upande mmoja kisha akate shauri, na aruhusiwe kukata shauri dhidi ya kauli. Kwa yale maswali ya Kiingereza yanayouliza jambo ni kweli kwa kiwango gani, tunaona "kwa kiasi gani" inatosha, mradi mwanafunzi afundishwe kwamba "si kwa kiasi kikubwa" nalo ni jibu. Sehemu za insha zenyewe hazina matatizo makubwa: utangulizi, kiini na hitimisho ni maneno mazuri. Ila tungewaomba wale walioanza kuandika "mwili wa insha" waache. Kiini kinasema kilichomo, na mwili ni tafsiri ya neno kwa neno isiyoongeza kitu.

Kabla ya kuondoka Geita tulimwomba mwalimu alirudie swali lake la Njoroge, safari hii akiandika chini ya ile amri ya Kiingereza maneno haya ya Kiswahili: "pima pande zote, kisha useme unakubali au hukubali, na kwa nini." Aliwapa dakika arobaini. Insha zilizokuja zilikuwa fupi kuliko za kwanza, na Kiingereza chake kilikuwa na makosa zaidi, kwa kuwa safari hii hakuna aliyekariri. Kamba ilitajwa katika nyingi kati ya hizo. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliandika ukurasa mmoja na nusu akionyesha kwamba elimu ilimwahidi Njoroge kitu ambacho haikuwa na uwezo wa kukitoa, maana ardhi ilikuwa mikononi mwa Howlands na shule haigawi ardhi. Kisha akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu," aliuliza, "kwenye mtihani wenyewe, nikiikataa kauli yao, nitapewa alama?"

Mwalimu alitugeukia sisi. Hatukuwa na jibu la kumpa, na kwa hiyo tunalifikisha swali hilo, kama lilivyoulizwa, kwa wenzetu wanaotunga mitihani na wanaoandika miongozo ya kusahihishia.